Hasi Mia Mbili na Kumi

Mtimbwani, saa mbili asubuhi, maji yamekupwa.
Viatu nimeviacha juu ya tuta la chumvi
lililotelekezwa kabla sijazaliwa.
Mkobani: mita ya mkononi, utepe wa fundi umeme,
vijiti vitano vya kioo, kila kimoja na ncha ya platini
nyembamba kama unywele wa mtoto,
na kichupa cha kulinganishia, chenye chumvi yake,
nimekivika soksi kisigongane na wenzake.

Nachomeka. Sentimita kumi.
Matope yanafyonza, yanatoa kisauti
cha mtu aliyeonja shubiri.
Waya mwekundu huku, mweusi kule,
na namba inaporomoka: hasi tisini,
hasi mia na thelathini, hasi mia na sabini...
Usiandike bado. Kanuni ni nusu saa.
Nusu saa juani, miguu ikizama taratibu,
na usubi umeshanizoea.

Mwanamkasi amekalia ndoo iliyopinduliwa.
Miche mia nne ya mkoko waliichomeka hapa mwaka juzi,
yeye na wenzake wa kikoba.
Imebaki sita, nayo ina manjano.
"Inasema nini?"
Hasi mia mbili na kumi.
"Hasi? Yaani matope yanadaiwa?"

Nilikuwa na maelezo ya darasani:
kwamba walio humo chini, wadogo wasioonekana,
walivuta hewa mpaka ikaisha,
ilipoisha wakapumua kutu,
kutu nayo ikaisha, wakageukia chumvi ya bahari,
ndiyo maana jembe likizama tunanusa yai viza.
Nikayameza. Huyu ni mweka hazina,
wino mwekundu anaujua kuliko mimi.
"Ndiyo," nikasema. "Yanadaiwa hewa."
"Na aliyekopa nani?"
Tukalitazama tuta, sote wawili.

Tukahamia kwenye mchu mkongwe, ule wa ukingoni,
vipumulio vyake vimesimama matopeni
kama vidole vya wanafunzi wanaojua jibu.
Hapo, hasi arobaini.
Kando ya tundu la kaa: chanya mia na sitini!
Nikachomoa, nikafuta, nikachomeka tena.
Chanya mia na hamsini na nane.
Kaa akachungulia, gando moja juu,
kuona nani anamtoboa ukuta.

Jioni, kwenye simu, Semhando wa ofisini:
"Hiyo ya kaa ifute. Inatuharibia wastani."
Nilikuwa nimeiandika kwa penseli.
Nikaipitia kwa wino.

Bamvua lilipokaribia, Mwanamkasi akaja
na wanawake saba, majembe manane,
na barua ya ruhusa imefundikwa kwenye pindo la kanga.
Wakalikata tuta mahali pawili, upana wa mlango.
Maji hayakukimbilia ndani. Yaliingia
kama mwenye nyumba aliyetoka safari,
akikagua kwanza nani alilala wapi.

Miezi mitatu. Tundu lilelile, kina kilekile,
nusu saa ileile.
Hasi mia na tisini.
"Ishirini tu?"
Ishirini tu.
Akanipokonya daftari, akalikodolea
kwa jicho la marejesho ya Jumapili.
"Yameanza kulipa," akasema.
"Usiyaweke kwenye orodha ya wakaidi."

Nikasuuza ncha moja moja.
Kijiti cha tano kimevunjika shingo.
Nacho nimekiandika, safu ya hasara,
chini ya ile miche.