Jinai Haiozi, Walisema

Kijana wa ofisi ya mwendesha mashtaka,
tai yake ina doa la mchuzi wa nyanya,
ananiuliza kwa upole wa daktari wa meno:
"Mama Kotrba, ndoa mlifungia wapi?
Upande huu wa mto, au ule?"

Nimemletea vyeti viwili
katika bahasha iliyokuwa ya mbegu za mahindi.
Cha kwanza: Verlin Stroud na Odessa Pruitt, mwezi wa Juni,
na talaka haipo; nimepekua makabati ya kaunti nne,
mafua ya vumbi bado ninayo.
Cha pili: Verlin yuleyule,
saini ileile yenye mkia wa panya,
na mimi.

Nilidhani inatosha.
Nilidhani pete mbili zikiunganishwa zinakuwa pingu.

"Upande huu," namjibu.
Anafumba kitabu kinene, kidole kikibaki ndani.
"Ingekuwa ule, mama, tungekuwa na kesi.
Aliyeoa ng'ambo akaja kuishi humu na mke wa pili
anatenda kosa upya kila anapoamka naye.
Lakini aliyeoa humu humu alikosa mara moja tu,
pale aliposema 'ndiyo'.
Miaka mitatu, kisha mlango unafungwa."

Yetu ina ishirini na miwili.

Sasa nisikilize, wewe uliyenyamaza ukutani,
saa ya serikali yenye mshale unaokwama kwenye nane:
tulikuwa tunakwenda ng'ambo.
Binamu yake alikuwa hakimu mdogo kule, dola arobaini, hakuna maswali.
Theluji ikaanza saa kumi.
Saa kumi na moja, polisi na taa zao wakafunga daraja.
Verlin akapiga usukani kwa kiganja,
akatukana anga, akatukana chumvi ya barabarani,
na nani alisema, "Turudi, mpenzi,
Kasisi Lubomir yuko, na chini ya kanisa kuna joto"?
Nani aligeuza gari?
Mimi. Kwa mikono hii.
Nikaolewa nimevaa mabuti ya shambani chini ya gauni,
miguuni pangu maji yakitengeneza ziwa dogo.

Laiti theluji ingechelewa saa moja!
Kila bakuli la supu ya viazi lingekuwa kielelezo,
kila shati nililopiga pasi, shahidi;
asubuhi elfu nane zingepanga foleni nje ya mahakama,
kila moja na kikombe chake cha kahawa,
zikingoja kuitwa kwa jina.

Jinai haiozi, walisema.
Hii imeoza. Imeoza zamani,
nikiwa naipikia, naifulia, naikuna mgongo.
Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma:
wa hapa ulikata nyuma tu,
na nyuma ndiko nilikokuwa nimekaa.

"Na ndoa yangu?" nauliza. "Nayo imepitwa na muda?"
Anaangalia doa la tai yake kana kwamba ndilo limeuliza.
"Hapana, mama. Ndoa batili ni batili tangu mwanzo.
Hiyo haina ukomo."

Basi kosa lake limezeeka, limestaafu,
linakula pensheni yake kivulini,
na ndoa yangu haijazaliwa.

Nilimpigia Odessa simu jioni ile.
Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayapoteza.
Kimya kirefu. Mbwa akabweka upande wake.
Kisha akauliza:
"Bado anatia chumvi kwenye kahawa?"

Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Jumamosi nimevuka daraja kwenda kumwona.
Lilikuwa wazi, kavu, bila polisi,
mto chini yake umeganda nusu.
Katikati pana kibao: jimbo moja linaisha, jingine linaanza.
Sikupunguza mwendo.
Kwenye kiti cha abiria,
nimeifunga mkanda, isimwagike,
sufuria ya supu ya viazi.