Kikohozi cha Ubeti wa Pili

Umeme wa ukutani una uchafu wake.
Tramu ikikata kona pale chini
spika zangu huvuma kama nyuki waliofungiwa koponi,
na friji ya Vilnis wa ghorofa ya tatu
huitikia.

Nikasema basi.
Nikanunua betri mbili za pikipiki, kuukuu,
nikalehemu jikoni majira yote ya baridi,
moshi ukitua kwenye supu ya bitiruti.
Kidole gumba kiliungua mara mbili.
Fyuzi tano zilikufa;
ya sita siitaji, maana kosa lilikuwa langu.

Jana usiku nikachomoa plagi,
nikaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.
Kimya kikaingia,
kikavua viatu mlangoni.

Nikaweka santuri ya kwaya yetu,
iliyorekodiwa hapahapa Liepāja, mwaka sabini na nne,
tulipokuwa na meno yote.
Nikasikia karatasi ikigeuzwa.
Nikasikia benchi likilalamika chini ya mabesi.
Halafu, ubeti wa pili, safu ya wanawake,
upande wa kushoto karibu na dirisha:
kikohozi.

Miaka hamsini dada yangu Skaidrīte anaapa hakuwa yeye.
Alimsingizia Biruta, hata mazishini kwa Biruta.

Nikampigia saa saba za usiku,
nikauweka mkonga wa simu mbele ya spika,
nikarudisha sindano. Mara moja. Mara ya pili.

Akanyamaza sana.
Kisha akakohoa, kilekile,
na tukacheka, wazee wawili,
mpaka betri zikaisha.