Hatua ya Ishirini na Mbili

Mvua ya saa tisa Kakamega haijui kubisha hodi.
Ilishukia mabati ya bwalo la shule
hata mlio wa saa ya mchezo ukazama,
na mwamuzi, Bi Musimbi, akawa anasema kwa vidole.
Meza ya tatu. Mimi, kete nyeupe.
Mbele yangu Lihanda, miaka kumi na minne,
shati la kaka yake, soksi moja imemshuka.

Karatasi ya hatua zangu ninayo hapa.
Wino umelowa pembeni. Naisoma
kama mtu anayesoma risiti baada ya kuibiwa.

Ya tisa: askofu nilimtoa, nikamrudisha,
kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Hapo nilipoteza muda tu. Muda hulipika.

Ya kumi na saba siwezi kuitetea.
Farasi wangu alikuwa katikati ya ubao,
ametulia kama Jiwe la Ilesi,
hakuna askari wa kumfukuza.
Nikambadilisha na askofu wa Lihanda,
askofu aliyezibwa na askari wake mwenyewe,
haoni mbele, haoni nyuma.
Tatu kwa tatu, nikasema moyoni. Sawa kwa sawa.
Mnisamehe, mimi ni karani wa mizani:
kule Malava napima miwa, trekta baada ya trekta,
na mizani haiulizi
kama muwa una sukari au una maji.

Kisha ishirini na mbili.

Dakika kumi na moja. Nimeziandika mwenyewe.
Malkia wake ameshuka hadi a-mbili,
amemla askari wangu kama mbuzi aliyeruka ua,
nami macho yote kwa mbuzi.
Kule juu mfalme wake amejifungia,
askari watatu mlangoni hawajasogea tangu mwanzo,
ngome moja tu inalinda safu nzima ya nyuma.
Farasi wake yuko ukingoni, h-tano, hafiki.
Ngome yangu e-moja. Njia mbele yake tupu
kama barabara ya Webuye usiku wa sensa.
Malkia wangu, b-tano, anaitazama e-nane kwa mshazari,
hakuna kete inayomziba.

Ngome, e-nane. Cheki.
Ngome yake ingelazimika kula.
Malkia wangu angeila hiyo nayo.
Basi. Mkono. Chai.

Mimi nikamsukuma askari wa h, chumba kimoja.
Nikamfungulia mfalme wangu dirisha,
mfalme wangu,
ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta!

Ya ishirini na nane, mtoto naye alikosea:
kwa mruko mmoja farasi wake angemshika mfalme
na ngome pamoja. Akala askari.
Njaa ya umri wake.
Lakini kosa lake lilikuwa na nafasi ya kupona,
langu lilikuwa limeshafunga mlango.
Ya thelathini na sita mfalme wangu alitoka
kwa dirisha lile lile,
akamkuta nje farasi mweusi,
na malkia nyuma ya farasi.

Mvua ilipopungua tulipanga kete upya barazani,
mahindi ya kuchemsha kati yetu,
kifungo cha koti badala ya askari aliyepotea.
Tulipofika pale, sikuwahi kuinua mkono.
Yeye ndiye aliyeishika ngome yangu
akaipandisha hadi e-nane, polepole,
kama anayerudisha kitu alichookota.

“Uliiona?”
“Niliiona ulipoanza kufikiri.”
“Zile dakika zote?”
“Niliogopa kuitazama. Ungefuata macho yangu.
Kwa hiyo nikawa navuta soksi.”

Kweli. Kila nilipomtazama alikuwa ameinama,
anaivuta hiyo soksi, inashuka, anaivuta.
Nami nilidhani mtoto wa watu anasikia baridi.