Nani Ana Ufunguo

Saa tano usiku, Mabatini. Umeme umerudi
na wadudu wa ziwani wameufuata dirishani,
wanatua kwenye skrini, nukta juu ya nukta.
Nawapangusa kwa kiganja, nasoma walichokifunika:
marekebisho ya Lubango, mistari sitini na mitatu
ya kiendeshi cha michoro.

Gatini kuna skrini yetu moja ya ratiba.
Jumanne iliganda saa mbili kasoro ishirini.
Kivuko kikaondoka, kikarudi, kikaondoka tena,
skrini ikisema bado kinapakia.
Mama mmoja mwenye matenga aliiamini mpaka adhuhuri.
Nyanya hazina subira.

Kwa hiyo nasoma kama ninavyochambua mchele gizani:
kwa ncha za vidole, nikilisubiri jiwe.

Hapa uzi unashika kufuli. Vizuri.
Hapa unagusa foleni ya picha. Vizuri.
Hapa unaomba kumbukumbu, na ikikosekana
unarudi ulikotoka,
mstari wa mia mbili kumi na nne,
unarudi tu, kimya, na kufuli mkononi.

Namjua mtu huyo.
Ni Nkwabi wa chumba cha tatu,
aliyefungua bafu, akakuta bomba limekauka,
akaghairi kuoga, akapanda basi la Geita
na ufunguo mfukoni.
Siku mbili, vyumba vinane,
tulioga kwa majirani kwa zamu na kwa aibu.
Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka.

Namwandikia Lubango: "Aliyefunga ndiye afungue,
hata akitokea mlango wa kushindwa."
Nafuta. Inasomeka kama jina la kanga.
Naandika: "Mstari wa 214 unatoka bila kufungua."

Naendelea. Makufuli ni mawili.
Huku anashika la kumbukumbu kisha la skrini;
kule chini, la skrini kisha la kumbukumbu.
Hili nalo tunalo uani:
Milembe ameshika ndoo, anangoja ufunguo;
kijana wa Mama Ngollo ana ufunguo, anangoja ndoo.
Ndoo ni moja. Wote wawili wana adabu,
wote wamesimama,
kengele ya shule inalia na hakuna aliyelowa.

Na lile dogo, kali,
ambalo wenzako hulizunguka nje bila kuketi:
mwenye nalo halali,
maana kulala humo si halali.
Lubango ameulaza uzi humo milisekunde mbili.
Mbili tu, atasema.
Muulize yule wa matenga.

Nafukua historia ya faili nijue alijifunzia wapi.
Mstari wa mia na themanini, miaka minne nyuma,
kutoka kulekule, ngumi ileile iliyofumbata,
na jina pembeni ni langu.
Naikumbuka siku hiyo. Igogo, betri asilimia sita,
nilitaka kuhifadhi kabla giza halijanikuta.
Kijana amenakili mwandiko wa mwalimu
pamoja na doa la wino.

Nimekaa.
Nje, mawe ya mlimani yamepandana gizani kama siku zote,
na hakuna ajuaye lipi limelishika lipi.

Mlango unagongwa.
"Dada Kabula, samahani. Nani ana ufunguo?"
Ni Milembe, na nyuma yake ndala za watu
zinahamisha uzito, mguu hadi mguu.
Napapasa pindo la kanga.
Upo. Una joto la mwili wangu.
Tangu saa mbili.

Nampa bila neno, naye anaupokea bila neno.
Ndoo inagonga ukuta.
Narudi mezani, nawapangusa tena wadudu,
nafuta "unatoka", naandika "tunatoka".
Kisha chini yake:
"Na wa 180. Huo ni wangu. Nauanza huo."