Mikono Mitupu Kutoka Nyota ya Mbali

Zamu ya tanuri huisha saa nne usiku.
Ilgvars huja na harufu ya makaa kwenye kola,
hunywa supu ya viazi akiwa amesimama,
kisha huketi mbele ya kompyuta
na kuondoka Liepāja bila kuvaa koti.

Mimi nafuma soksi. Nahesabu vishono.
Yeye anahesabu miaka ya nuru.

Siku arobaini na moja, sitii chumvi,
amekwenda upande mmoja tu,
akiruka nyota hadi nyota, akipoza injini,
akipima sayari zinazofanana
kama viazi vya gunia moja.
"Hii ina nini?"
"Barafu."
"Na hii?"
"Barafu." Akanyamaza kidogo.
"Ila ya buluu."

Renārs, mtoto wa dada yangu, humcheka kila Jumapili.
Yeye huchimba madini kwenye mawe yanayoelea,
huuza, na sasa ana chombo chenye mizinga sita.
"Mjomba, unachopata kwa mwezi
mimi nakipata kabla chai haijapoa.
Waliounda mchezo huu hawakuwafikiria watembezi.
Huko nje wamemwaga giza,
wakalizidisha mara bilioni, wakaenda kulala."
Ilgvars alikuwa akipaka siagi kwenye mkate,
polepole, mpaka kwenye ncha za pembe.
Hakujibu.

Mtembea bure si sawa na mkaa bure, wanasema.
Haya. Lakini mkaa bure
ana soksi jozi tatu.

Usiku mmoja akaniita. "Skaidrīte, njoo, acha hiyo."
Alikuwa ametua ukingoni mwa bonde.
Juu yetu sayari yenye pete mbili, moja imelala upande,
na jua dogo jekundu, la rangi ya kaa linalokufa,
likichomoza katikati yake.
Akazima injini.
Hapakuwa na adui, wala hazina, wala maneno
ya kutupongeza.
Nikasema, "Ni picha tu."
"Ni picha," akakubali.
"Lakini hakuna aliyeichora ili itazamwe.
Hesabu zimeichora, zikaiacha hapa."
Supu ikapoa. Sindano zangu sijui niliziweka wapi.

Kurudi kulimchukua majuma mengine sita,
maana ugunduzi hauuzwi huko unakopatikana;
sharti uubebe mpaka kwenye kituo, mkononi, kama yai.
Alifika siku ya zamu mbili, macho yakimwasha.
Lango la kituo lilikuwa wazi, taa za kijani.
Akainamisha bawa kidogo kuliko ilivyopasa,
au zaidi, hata yeye hajui.
Moto. Kisha kimya.
Kisha maandishi: Je, ungependa kununua chombo kipya?

Nyota elfu tatu, hazikuuzwa hata moja.
Aliinuka, akaosha bakuli lake.
Miaka ishirini na sita ya ndoa
sikuwahi kumwona akiosha bakuli.

Masika yakaingia. Akatazama ramani tena,
na kwenye ile sayari ya pete mbili
palikuwa na jina la mtu: Oyunbat.
Nikangoja atukane.
Akasogeza kiti karibu na kioo.
"Kumbe naye alipita," akasema.
"Sijui kama alizima injini."

Mimi hukata tiketi kwenye tramu, mwaka wa kumi na tisa huu.
Kituo cha mwisho tunageuza, basi, tunarudi mjini.
Alhamisi ile nilishuka. Nikapita nyuma ya kibanda,
nyuma ya uzio wenye kutu, mahali ambapo
sikuwahi kuuliza kuna nini.
Kidimbwi. Kreti moja ya bia, imekwama.
Barafu ya mwisho ya mwaka,
ya buluu, nakuapia, buluu kabisa.

Nilisimama mpaka vidole vikafa ganzi.
Tramu ikaondoka bila mimi.
Wakanikata mshahara wa nusu siku.