Sakafu Inayotembea

Kalina hakatai kwa kelele.
Hukataa kwa kwato nne, akizikita ardhini kama vigingi,
na kukutazama kwa jicho moja, la kushoto,
lile lililo karibu na kovu.

Kovu alilipata majira ya theluji mwaka juzi:
breki za ghafla kwenye njia ya Suwałki,
kulungu barabarani, dereva wa kukodi aliyechelewa chakula cha mchana.
Kulungu alipona. Dereva alikula.
Farasi wangu akabaki na mstari mweupe juu ya jicho
na elimu ambayo sikuwa na namna ya kuifuta.

Sasa shamba limeuzwa. Tuna siku ishirini na sita.
Jirani yetu Seweryn akaja na ushauri mfukoni:
"Mfunge kitambaa machoni, mzungushie kamba matakoni,
wawili wavute, wawili wasukume. Ataingia."
Ataingia, nikasema. Nani atatoka?

Nilifungua tela uwanjani nikaliacha,
mlango umeshushwa, daraja la kwenda gizani.
Nikaweka ndoo ya shayiri mwanzoni mwa daraja,
nikaenda kuosha vyombo.
Siku ya tatu ndoo ilikuwa tupu,
na ubaoni alama moja ya tope: nusu ya ukwato.
Nilifurahi kama aliyepokea barua.

Siku ya saba, kwato mbili. Siku ya nane, hakuna:
upepo ulibamiza dirisha la ghala, tukaanza upya.
Sikuhesabu tena.

Jumapili nilimwambia kaka yangu Ziemek:
Nifungie humo ndani, uendeshe kuzunguka malisho.
Akacheka. "Utatapika."
Nikasimama pale asimamapo yeye, mikono nyuma,
maana farasi hana mkono wa kujishikia.

Sasa najua.
Kona haibishi hodi.
Sakafu hukuponyoka kwanza, kisha ukuta hukujia begani.
Kokoto hugonga chini ya nyayo
kama mtu anayeomba kutolewa.
Na breki, breki ni mkono wa usiyemwona
ukikusukuma kwenye jambo usilolijua.
Nilitanua miguu. Mwili ulijua wenyewe.
Hapo ndipo nilipoelewa kizuizi cha katikati,
kile nilichodhani kinamlinda:
kilimnyima upana wa kusimama.

Nilishuka, nikatapika kweli, majanini.
Ziemek hakucheka.

Tuling'oa kizuizi. Tukatandika mikeka ya mpira,
juu yake maranda ya msonobari.
Tukafungua dirisha la mbele, giza likawa chumba tu.
Wavu wa nyasi kavu, usawa wa kifua,
na kamba ndefu kiasi cha kushusha kichwa
akohoe vumbi.
Kwa Ziemek, bilauri ya maji mbele ya usukani:
ikimwagika, unashuka, naendesha mimi.

Asubuhi yenyewe, Kalina alipanda
kwa hatua za mtu aliyechelewa kanisani.
Sikumsifu. Nilishusha pumzi, naye akashusha yake,
nikafunga polepole, komeo kwa komeo.

Kilomita tisini kwa saa mbili na nusu.
Malori yalitupigia honi.
Basi la shule lilitupita, watoto wakatupungia,
na kila penye kona Ziemek aligeuza gari
kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala
kutoka kochini hadi kitandani.

Tulipofika, maji yalikuwa yamepungua kidole kimoja.
"Nilikunywa," akasema Ziemek. Sikumwuliza zaidi.
Ndani ya tela: wavu nusu tupu, samadi ya kawaida.
Jasho nyuma ya sikio moja tu, la kushoto.

Kalina aliyatazama malisho mapya, akapiga chafya.
Kisha akaligeukia tela,
kwa jicho lile la kovu, kwa muda mrefu.
Sijui alikuwa akisema nini.
Usiku huu nimeuacha mlango umeshushwa,
na ndoo iko ndani.