Umefunga Mwenyewe?

Mume wangu anasema naliuliza hata usingizini.
Uwanja wetu ni mdogo: kaunta nne,
mashine moja ya miale,
na ukungu wa Kutaisi unaochelewesha ndege za alfajiri.
Umefunga begi mwenyewe?
Kuna mtu aliyekupa kitu umbebee?
Watu hujibu kabla sijamaliza,
kama waitikiao dua wasiyoisikiliza.

Nanuli wa Vani alijibu ndiyo, kisha la,
kwa mpangilio unaotakiwa.
Miaka sabini na sita, koti la sufi, safari yake ya kwanza angani.
Begi la kuazima, zipu imekufa,
limezungushiwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo.
Kilo ishirini na tatu, nukta nne.
Ile nukta nne nikaisamehe.
Nikambandikia utepe, nikampa kipande chake:
namba, jina, Katowice.
Akakikunja, akakitia kifuani kama hirizi.

Dakika kumi baadaye Tamazi akanipigia simu kutoka chini.

Chumba cha ukaguzi hakina dirisha.
Meza ya bati, glavu, taa nyeupe isiyomsitiri mtu.
Begi halifunguliwi mwenyewe hayupo, kwa hiyo akaletwa,
nami nikaitwa, kwa kuwa swali lilikuwa langu.

Zikatoka churchkhela, jozi zilizotungwa uzini
na kuchovywa kwenye rojo ya zabibu;
kwenye kioo hufanana na baruti, tumeshazizoea.
Ikatoka chupa ya chacha isiyo na lebo.
"Ina nguvu kiasi gani?"
"Ilimlaza padri," akasema Nanuli.
Tamazi hakucheka. Fomu yake haina safu ya padri.
Chupa ikawekwa kando.

Kisha soksi ya kiume.
Ndani ya soksi gazeti, ndani ya gazeti
kiberiti cha chuma, cha petroli, kimejaa,
kinanuka gereji.

Nilijua. Yeyote angejua.
Vidole vile havijawahi kushika sigara.
Kuna jirani, ana mwana Katowice,
alibisha hodi usiku na ulimi wa asali:
kadogo tu haka, hakana uzito.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
mpaka uwekwe mezani chini ya taa.

"Cha nani, mama?"
Akakitazama kama anayekiona mara ya kwanza,
na nadhani ndivyo ilivyokuwa.
Nikamwachia mlango wazi. Nikanyamaza
muda mrefu kuliko kazi inavyoruhusu.
Jina moja tu, angepita.
"Nilikwambia nimefunga mwenyewe," akasema.
"Basi ni changu."

Tamazi akavua glavu moja.
Akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mamake juu ya dawa:
tumboni mwa ndege hakuna macho.
Kitu kikishika moto kule chini, nani atakiona?
Kiwakacho kikae na mwenyewe,
kimoja tu, mfukoni, akihisi kikipata joto.

"Nikibebe mwilini?"
"Mwilini."
"Mpaka nifike?"
"Mpaka ufike, mama."

Akakitia mfuko wa kushoto, akafunga kifungo.
Kwa ajili ya chacha akatia sahihi,
herufi moja moja, kalamu ikikwaruza.
Kamba ya katani tukaifunga upya sote watatu;
mafundo yetu hayakufikia yake.

Nikamsindikiza hadi langoni. Katikati ya njia akasimama.
"Guram," akasema, bila kuulizwa.
"Nikirudi nitamvunja mguu."
Akapapasa mfuko, akaendelea na safari.

Kaunta ya pili, kijana, begi jipya,
vipokea sauti masikioni.
Ndiyo, akajibu, kabla sijafungua kinywa.
Nikamwonyesha kwa kidole avivue.
Nikaanza upya.